Ringi za Wakala

Aliniita Ndekusara, binti Kileo,
baada ya mafundi magari wa Majengo
kuchungulia na kukuna vichwa:
spoki, walisema, ni mambo ya baiskeli.
Basi nikaenda, mimi wa baiskeli,
na ufunguo wa nipeli mfukoni
na kipande cha chaki.

Ilikuwa bandani, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Biuki ya mwaka hamsini na tatu,
rangi ya mtindi uliokaa,
kuku wawili wameatamia kiti cha nyuma.
Nikahesabu spoki arobaini kila gurudumu.
Nikapiga moja kwa kucha. Ting.
Ya pili, ting.
Ya tatu haikuitika.
Hapo ndipo pa kuanzia.
Gurudumu la spoki ni ugomvi uliopimwa:
kila mmoja anavuta kwake,
hakuna anayeshinda,
gari linakwenda.

Siku ya tatu akaja mnunuzi,
Bwana Lemburis wa Sakina, Arusha,
na glavu za pamba, tochi, kijitabu.
Akalizunguka gari akitikisa kichwa.
"Taa hii ya pembeni, ya wakala.
Kofia ya jua juu ya kioo, ya wakala.
Sketi za magurudumu ya nyuma, za wakala.
Na hizi ringi, mama, ni mapambo tu.
Kiwandani ilitoka na ringi za chuma.
Nitafutie zile, naongeza milioni sita."

Ndekusara akafungua droo ya dashibodi,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
risiti ya Merali, wa karibu na stesheni:
redio, moja.
Dira, moja, ya kuelea kwenye mafuta.
Kisanduku cha karatasi za kufutia pua
("Na baba alikuwa anapenga kwa vidole").
Ringi za spoki, tano, na nyundo yake.
Chini, kwa wino, mkono wa baba:
*kahawa, magunia thelathini na moja.*

"Mwaka ule bei ilipanda," akasema.
"Mama aliomba bati za jikoni.
Akapikia mvuani masika mawili mengine
akimsikiliza huyu akisugua spoki kwa mswaki.
Gari lilikuwa na kofia.
Mama hakuwa na paa."

Lemburis akafunga kijitabu, akakifungua tena.
"Na zile za chuma?"
"Moja ndiyo hiyo, imebeba pipa la maji.
Tatu ziliuzwa kwa kilo, enzi za foleni za sukari.
Moja baba aliipeleka shuleni, kule Uru,
mama alipokufa. Kwa aibu, nadhani.
Wakaifanya kengele."

Uru.
Ufunguo ukanitoka mkononi.
Miaka saba chuma kile kilinikimbiza,
nateremka migombani, ndizi ya moto shavuni,
Mwalimu Felista akikigonga kwa bolti ya trekta
bila huruma na bila mdundo.
Kilikuwa na matundu matano ya nati.
Saa ya mapumziko tulipanga mstari,
kila mtoto na tundu lake,
tukiutazama mlima vipande vipande.
Mimi tundu langu lilikuwa la chini kushoto.
Lilionyesha mawingu tu.

"Shule ipi?" Lemburis akauliza.
Ndekusara akanitazama;
anajua nimetoka wapi.
Nikainama nikakaza nipeli
ambayo haikuwa imelegea.
"Uru ni kubwa, bwana," nikasema.
"Na siku hizi wote wana kengele za umeme."

Akaondoka na picha zake.
Nikabaki na gurudumu la akiba,
lile la butini, la tano,
ambalo halijawahi kugusa barabara.
Nikalipiga kwa kucha, spoki zote arobaini.
Zikaitika sauti moja, kama wanafunzi wanaoogopa.
Nikalirudisha nilipolitoa.
Sikulipenda.